Niliwaingiza Wenzangu Kwenye Hisa za Fabrice

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Uvira, mama wa watoto wawili. Naishi Durban, kazi yangu ni kusuka nywele katika saluni moja ya South Beach. Wateja wangu hudhani nafunga kitambaa shingoni kwa ajili ya urembo. Laiti ingekuwa hivyo!

Mwaka 2011 mume wangu, Baba Neema, alikuwa akilinda magari karibu na ufuo. Hatukuwa na kingi, lakini nyumbani kwetu palikuwa na amani. Ndipo akaja Fabrice, Mkongo mwenzetu, suti imenyooka, ana ofisi mtaa wa Greyville. Alisema anauza hisa za mgodi wa shaba kule kwetu, na kila mwezi mwenye hisa anapata faida.

Nilimpa akiba yangu yote. Mwezi uliofuata akaniletea faida mkononi. Nililia kwa furaha! Ningejuaje kwamba ile ilikuwa pesa ya mwingine aliyeingia baada yangu?

Kisha akaniambia nikimletea watu, nitapata changu juu ya kila mmoja. Nikawaleta... wanawake kumi na mmoja, wengi wa kanisani kwetu. Wa mwisho alikuwa Odette, Mrundi, tuliyesuka naye kiti kwa kiti. Pesa yake ilikuwa ya kuwatoa wanawe wawili kambini Tanzania. Alisitasita. Mimi ndiye niliyemshika mkono hadi Greyville.

Nilionywa, wapenzi wasomaji. Mteja wangu Thandeka, karani wa wakili mmoja wa Overport, aliniambia nikiwa namsuka kwamba katika nchi hii anayeuza hisa lazima awe na leseni, na iko ofisi ya serikali unayoweza kuipigia simu kuuliza. Simu moja tu!

Nilimuuliza Fabrice. Akacheka.

"Mama Neema, weye na karatasi yako ya ukimbizi, unataka kuita serikali? Watakurudisha Uvira kesho!"

Nikaogopa. Lakini niseme ukweli... kile alichokuwa akinipa kilikuwa kitamu kuliko woga wenyewe.

Baada ya miezi mitano simu yake ikazimwa. Ofisi ya Greyville ikabaki sakafu tupu.

Jumamosi asubuhi, saluni imejaa, Odette akaingia. Hakusalimu mtu. Birika lilikuwa linachemka, maji ya kuchovya ncha za rasta.

"Pesa ya watoto wangu iko wapi?"

Nikamwambia hata mimi nimeibiwa. Akasema, "Weye umekula juu ya kichwa changu!" Kisha akanimwagia birika zima.

Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka ngozi ya shingo ikibaki kwenye kola ya blauzi... nakumbuka Odette akinipiga na birika tupu, huku akilia kuliko mimi.

Hospitalini, mmoja wa wale wanawake aliniletea habari. Amemwona Fabrice akiingia kwenye ghorofa moja Overport. Ningeweza kuwaambia polisi. Ningeweza kumpigia Thandeka. Badala yake nilimwita mume wangu, mtu ambaye hajawahi kunigusa hata kwa kofi, nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Nenda ukamvunje."

Akaenda na nyundo.

Alimvunja magoti yote mawili. Alimtoboa jicho. Majirani walisema Fabrice aliita mama yake hadi sauti ikakauka, na Baba Neema hakuacha. Polisi walimkuta amekaa kwenye ngazi, damu hadi viwikoni.

Siku tatu baadaye akaja afisa wa ile ofisi ya serikali. Kumbe mtu mmoja alikuwa ameshapeleka malalamiko! Walikuwa wakimfuata Fabrice, wamebakiza siku chache wapate amri ya mahakama ya kuzuia akaunti zake. Lakini mwenzake wa biashara aliposikia Fabrice amevamiwa, alizikomba zote siku ileile na kutoroka. Naye Fabrice, aliyekamatwa akiwa hospitalini, alipopata dhamana alibebwa na jamaa zake usiku kwenda kusikojulikana, na hajaonekana tena.

Nilimuuliza yule afisa kama sheria ile ilikuwa yetu pia, sisi wakimbizi.

"Mama," alisema, "haiulizi umezaliwa wapi."

Eish... nililia hadi bandeji zikalowa.

Mume wangu alifungwa miaka minane. Odette nilikataa kumshtaki, ila hajanitazama usoni tena. Wanawe bado wako kambini. Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wetu mdogo gerezani. Alimtazama Baba Neema nyuma ya kioo, akaniuliza kwa sauti, "Mama, huyu ni nani?" Na baba yake alisikia.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikuletea hisa, ulizia leseni yake, hata kama ni wa kwenu, hata kama mnaomba pamoja. Ukishaibiwa, nenda kashtaki na karatasi yako hiyohiyo ya ukimbizi. Na hasira ikikujia, usimtume mtu unayempenda! Mimi nilimtuma wangu. Watoto wangu wanakula bila baba, na aliyemfunga si Fabrice... ni mimi.