Magarifalo ya Argyro

Foleni ya bugatsa, vile vitafunio vya moto vya krimu au jibini, nyuma ya soko la Kapani haina adabu hata siku moja, na asubuhi hiyo ya Septemba ilikuwa imezidi. Wachuuzi wa samaki walikuwa wameacha meza zao kuja kusukumana na makarani wa barabara ya Egnatia, kila mtu anataka kipande chake kabla hakijapoa. Stratos Kaloudis alikuwa wa saba, amevaa koti lake la mahameli juani, maana meneja wa waimbaji akionekana na fulana watu wataanza kuuliza mambo yanaendaje. Mambo hayakuwa yakienda. Alikuwa na waimbaji watatu; mmoja koo limemharibikia, mwingine kachukuliwa na meneja mwenye gari zuri, wa tatu hapokei simu.

Ndipo aliposikia sauti mbele yake.

"Bibi! Unanisikia? Heri ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lako!" Msichana mwenye gauni la kijani na nywele zilizofungwa kwa penseli alikuwa akipiga kelele kwenye simu. "Wapi? Kwenye foleni ya bugatsa. Sasa hivi? Bibi, watu wananiangalia... Haya basi, wimbo mmoja tu, halafu unywe dawa zako."

Akaimba. Hakufunga macho wala kupunguza sauti. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto wa huko kwao Kastoria, na aliuimba kama mtu anayekunjua shuka kitandani, bila haraka. Muuzaji alisimamisha kisu juu ya bugatsa. Wachuuzi wa samaki, watu wasionyamazia hata msiba, walinyamaza.

"Dada, samahani," Stratos alisema alipomaliza. "Unaimba wapi?"

"Hapa. Hukuona?"

"Namaanisha kazini."

"Kazini nauza miwani. Wateja wangu hawaoni, sasa niwaimbie ili iweje?"

"Mimi ni meneja wa waimbaji."

"Na mimi ni malkia wa Uholanzi. Sogea, foleni inakwenda."

Stratos akasogea, akamwambia muuzaji, "Mbili za krimu. Na ya huyu dada nalipa mimi."

"Mimi nakula ya jibini," alisema msichana, akimtazama toka viatu hadi mahameli. "Meneja gani wewe unaagiza bila kuuliza?"

Jina lake lilikuwa Argyro. Alikula ya krimu yote, akalamba na vidole.

* * *

Haikufika Krismasi Argyro alikuwa akiimba Faros, ukumbi wa bwana Pantelis kule ufukweni. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye bango la mlangoni, kwa herufi ambazo Stratos alizipigania wiki nzima kama anayepigania shamba la urithi. Ndiyo kazi ya meneja. Alimfundisha kunywa maji ya uvuguvugu, akamchagulia gauni la vimetameta vya fedha, akamkataza kucheka na wapiga gitaa la buzuki kabla hawajakubaliana malipo. Alipiga simu redioni akasema Argyro anatakiwa Athene, Argyro anatakiwa Kupro, wakati Argyro alikuwa dukani akimpimia mzee miwani. Uongo mdogo mdogo wa kazi, hakuna aliyewahi kuufia.

Lakini Faros mwimbaji hapimwi kwa sauti. Anapimwa kwa maua. Mgeni akikunwa na wimbo huwaita wasichana wa maua, hununua sinia la magarifalo, yale mekundu yanayonukia kama karafuu, akamrushia mwimbaji miguuni. Bwana Pantelis husimama karibu na baa na kuangalia sakafu. Ikiwa nyekundu, jina linapanda. Ikibaki kavu, mwimbaji anarudi kuuza miwani.

Jumapili ya kwanza mchana, Argyro alipokuwa akisubiri nyuma ya pazia, Stratos alimfuata Lemonia, mkubwa wa wasichana wa maua.

"Wape wageni masinia kumi bure akitokea. Nitalipa mimi."

"Stratos, Argyro anajua?"

"Leo tu, Lemonia. Ili moto ushike."

Magarifalo yalimwagika. Argyro alisimama katikati yake akiwa mdomo wazi, na alipotoka alimrukia Stratos shingoni, gauni likimchoma choma kidevuni.

"Umeona? Umeona, macho yangu? Hawanijui kabisa! Hawanidai, siwadai, na wamenirushia!"

Akambusu hapo hapo, mbele ya wapiga buzuki. Stratos alimbusu naye, na ndani ya busu lile akajua hataweza kumwambia.

Leo tu ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa majira ya baridi yote. Fungu lake la meneja lilirudi lote kwenye maua. Jina la Argyro likapanda hadi la pili. Kila Jumapili alirudi nyumbani na garifalo moja, akalitia kwenye glasi dirishani, na akilala kifuani pa Stratos alilinyooshea kidole.

"Lile la leo limetoka kwa mzee mwenye masharubu. Wewe unanipenda, wewe huwezi kuhesabiwa. Lakini yule mzee hana sababu ya kunidanganya."

"Hana," alijibu Stratos. Yule mzee alikuwa amepewa sinia bure na hakuwa amelikataa. Usiku ule Stratos aligeukia ukutani. Alijiambia ataacha Jumapili ijayo. Alijidharau, kwa maana alijua haachi.

* * *

Mwezi Machi Argyro alitumwa na mwenye duka kutafuta miche ya kupambia dirisha. Akaenda soko la jumla la maua asubuhi, na huko, katikati ya ndoo na maboksi, akaliona koti la mahameli. Lemonia alikuwa amemshika Stratos mkono akicheka, akimchomekea garifalo kwenye tundu la kifungo.

Simu ya Stratos ikalia.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Larisa. Si nilikwambia? Namwona yule mtu wa redio."

"Ahaa. Hali ya hewa ikoje huko?"

"Mvua tupu, macho yangu. Nimelowa."

"Pole. Hapa jua linawaka. Geuka nyuma."

Akageuka. Argyro alikuwa hatua chache tu, simu bado sikioni, mche wa waridi kwapani.

"Tangu lini wewe na huyu?" aliuliza, na sauti ile iliyonyamazisha wauza samaki ilikuwa imebaki uzi.

Lemonia alifungua kinywa. "Argyro, mama, sikiliza, sisi..."

Stratos alimbana Lemonia mkono ili anyamaze. Argyro aliona ule mkono ukibana, na kwake ulikuwa jibu tosha. Stratos naye aliliona jibu hilo likiingia usoni pake, na palepale akapima. Akisema kweli, kwamba alikuja kulipia masinia ya bure, mzee mwenye masharubu anakufa, magarifalo yote ya dirishani yanakufa, na Argyro hatapanda jukwaani tena. Akinyamaza, atakayekufa ni yeye peke yake.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli."

Akainamisha kichwa.

"Nilidhani wewe ni mwongo wa simu tu," alisema Argyro. "Uliwadanganya watu wote mbele yangu, na mimi mjinga nikafikiri mimi simo." Akaweka mche chini, kwa upole, kama kitu cha mtu mwingine, akaondoka. Jioni alituma ujumbe kwamba hana meneja tena.

"Umekuwa mwehu?" Lemonia alimpigia kelele. "Umejivika zinaa ambayo hukuitenda! Na mimi je? Mimi nina mume!"

"Mumeo nitamweleza mwenyewe leo leo. Argyro usimwambie, Lemonia. Nakuomba. Mwache na sauti yake."

Na bila meneja hapakuwa na masinia ya bure. Jumapili ya kwanza sakafu ya Faros ilikuwa na maua machache. Ya pili yalipungua. Stratos alipita barabara ya ufukweni kwa miguu, akaona fundi yuko juu ya ngazi anashusha herufi za Argyro, na akakaa kwenye benchi akiangalia bahari, asijue aliyemwibia mwanamke yule zaidi ni nani, bwana Pantelis au yeye. Alijua. Alijidai tu kutojua.

* * *

Simu ilikuja mchana wa Alhamisi.

"Lemonia kaniambia yote," ilisema sauti ya Argyro. "Aliniona nalia chooni, akashindwa kuvumilia. Nyamaza, usiseme kitu! Uliona ni heri nikuone mzinzi kuliko nijue siimbi vizuri?"

"Argyro, sijawahi kufikiri huimbi vizuri. Nilifikiri wao ni wazito. Niliogopa watakuchelewesha."

"Hukuwaogopa wao. Uliniogopea mimi. Bugatsa wewe, bango wewe, maua wewe, hata kukuacha kwangu ulinipangia wewe!" Alikuwa akilia na kupumua kwa hasira. "Nimemwonea wivu mwanamke mwenye watoto wanne. Nimelitupa kila garifalo. Unajua nilichobaki nacho? Sijui kama kuna hata mtu mmoja aliyewahi kunirushia ua kwa hiari yake. Hata mmoja. Hicho ndicho ulichoniibia."

"Najua," alisema Stratos, na machozi yalimtoka waziwazi pale kituo cha basi. "Nina makosa. Sina la kujitetea."

Argyro alimkatiza: "Jumapili mchana naimba mara ya mwisho, Pantelis kanipa nyimbo tatu. Kaa meza ya mbele. Njoo mikono mitupu. Ukirusha hata jani, hutanisikia tena maisha yako yote."

Alikwenda. Jina la Argyro halikuwa kwenye bango. Argyro alitoka amevaa gauni la kijani la siku ile ya foleni, nywele zimefungwa kwa penseli. Aliimba wimbo wa kwanza, sakafu ikabaki kavu. Lemonia alipita na sinia. Stratos alikalia viganja vyake. Wimbo wa pili, familia moja iliendelea kubishana juu ya nyama ya mwanakondoo. Bwana Pantelis alipiga miayo. Stratos hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kuinua mkono dakika ile, na hakuuinua.

Wa tatu ulikuwa wimbo wa bibi yake. Wapiga buzuki hawakuujua, wakaweka vyombo chini. Alianza peke yake, macho wazi, akiitazama sakafu tupu kama mtu anayeangalia kitu alichokuwa akikiogopa na kukuta ni mbao tu. Ubishi wa mwanakondoo ukakatika. Uma zikashushwa. Hakuna aliyenunua ua; wimbo ule hauachi mtu akumbuke mikono yake. Ulipokwisha, kimya kilidumu mpaka mtu mmoja huko nyuma akapenga kamasi.

Argyro alicheka. Akashuka jukwaani, akamwita Lemonia, akatoa pochi yake, akanunua garifalo moja, akaja nalo meza ya mbele. Akampiga nalo Stratos kifuani kwa nguvu hata petali zikaruka.

"Hili nimelilipia mwenyewe," alisema. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Sitaki meneja."

"Najua."

"Na Kapani kesho asubuhi nitakuwa kwenye foleni. Ukitaka, njoo."

Stratos alifungua kinywa aseme atamwagizia ya jibini. Akakifunga. Petali zilikuwa zimemganda kwenye mahameli, hakuzipangusa.

"Utakula ya nini?" aliuliza.

Argyro akavuta kiti, akakaa.

"Sasa ndiyo unauliza," alisema.