Chupa ya Soda Kitaluni

Umeiona, ukapita. Usijitie hamnazo! Ile chupa ya soda yenye dawa ya wadudu, iliyo kwenye kona ya jikoni kwenu bila alama yoyote, unaijua vizuri. Umeizoea kama ulivyozoea ufagio. Umesema moyoni, wakubwa wanajua wanalofanya. Kidole naye alisema hivyo hivyo.

Kidole alikuwa msichana wa darasa la sita. Kila alipotoka shuleni alivua sare, akaenda kumsaidia mama yake mdogo kwenye kitalu cha maua kando ya barabara. Maswali ya wateja aliyajua kwa moyo.

"Mbona majani ya waridi langu yanageuka manjano?"

"Huenda unalinywesha kupita kiasi, mama. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, liache lipumue."

Ndiyo maana wakamwita Kidole.

Alasiri moja, mama mdogo akiwa nyuma anapandikiza miche, fundi cherehani wa jirani aliingia mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wee Kidole, vidukari wananimalizia mawaridi! Nipimie dawa."

"Mama mdogo anasema tuanze na maji ya sabuni."

"Sabuni nafulia, mwanangu! Au sema tu hujui kupima, nimngoje mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma. Yeye, Kidole, asijue? Mama mdogo alikuwa na amri moja isiyo na mjadala: dawa haitoki kwenye kopo lake. Lakini mtaa mzima si ulikuwa ukipimiana dawa kwenye chupa za soda? Akapanda kwenye kigoda, akashusha kopo kutoka rafuni, akamimina dawa kwenye chupa tupu ya soda ya machungwa.

"Niwekee, nakwenda kuzima pasi," fundi akasema.

Kidole akaiweka chupa chini bila kuifunga, kando ya ndoo, akamgeukia mzee mmoja aliyetaka kujua namna ya kupogoa.

"Ua likinyauka, kata juu kidogo ya jicho la tawi, pale panapochipua, linalotazama nje..."

Nyuma yake kitu kikaanguka, pu!

Kibonge, kitinda mimba wa mama mdogo, mtoto asiyejua hata kufunga kifungo, alikuwa ameketi chini. Chupa ilikuwa mapajani, kidevu kimelowa.

Kidole akapiga yowe. Mama mdogo alitupa miche, akaja mbio, akamnyakua mtoto, wakakimbilia zahanati iliyokuwa nyuma ya kitalu. Walipofika, udenda ulikuwa ukimtoka mtoto mfululizo.

"Amekunywa nini?" muuguzi akauliza.

"Sijui! Nimemkuta na chupa ya soda. Labda imechacha."

Muuguzi akamgeukia Kidole. "Na wewe? Umeona nini?"

Kidole akamtazama Kibonge. Akisema, atatazamwaje tena nyumbani? Asiposema... Kibonge akakoroma. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa kama matundu ya sindano.

"Ni dawa ya vidukari!" Kidole akalia. "Nimeimimina mimi. Kopo lake lipo, nalileta!"

Alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Muuguzi alisoma maandishi ya kopo, akamwita daktari, nao wakajua tiba ya kumpa. Mlango ukafungwa. Kwenye benchi, mama mdogo alimpa Kidole kisogo. Heri angemgombeza.

Hatimaye kilio kikasikika ndani, kikali, cha mtoto mwenye hasira. Mama mdogo akaangua kilio naye.

Muuguzi alitoka akifuta jasho. "Atapona. Binti, umefanya kosa ambalo lingemzika mdogo wako. Ila ungelificha, tungekuwa tunapapasa gizani. Ukweli wako umetuokolea muda."

"Na mimi nina kosa," mama mdogo akasema, akimvuta Kidole ubavuni. "Kopo lilikaa mahali ambapo mtoto akipanda kigoda analifikia. Kuanzia leo ni kabati na kufuli. Sumu ikae kwenye chombo chake, na mtoto akionja, semeni kweli hapo hapo."

Fundi cherehani, aliyekwisha kusikia habari, alifika zahanati akitweta, amekumbatia chupa mbili za soda kutoka jikoni kwake. Moja ilikuwa na mafuta ya taa. Nyingine, hata yeye hakukumbuka ina nini.

Na ya kwenu je? Funga kitabu. Usiiguse. Mwite mtu mzima, mwonyeshe. Akikwambia "baadaye", simama pale pale mpaka aiondoe. Inuka. Sasa hivi!