Nilivyoutengeneza Mchezo wa Mume Wangu Usikwame Tena

"Nakupenda sana! Leo saa kumi, kwenye nyumba yetu. Asijue mtu!"

Jamani... ujumbe huo uliingia kwenye kompyuta ya mume wangu, mimi mkewe nikiwa na brashi ya vumbi mkononi!

Mtumaji: Malkia.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi kompyuta. Za wateja zinapona siku hiyohiyo. Ya mume wangu? Mwezi mzima ananibembeleza.

"Fundi wangu, huu mchezo unaganda kila dakika. Nisaidie."

"Limtu lizima na ndevu zako, unacheza kujenga vijumba?"

Anacheka tu.

Jumamosi hiyo akaenda kunyoa. Nikasema leo nimfurahishe. Nikasafisha feni, nikaongeza RAM, nikazima programu zote zinazojiwasha zenyewe, nikapunguza ukali wa picha. Nikafungua mchezo kuujaribu. Ulikimbia huo!

Ndipo Malkia akaingia.

Nikapandisha juu, nikasoma za nyuma.

"Jana uliganda tena. Nimekusubiri mpaka nikalia."

"Vumilia, Malkia wangu. Kuna fundi atanitengenezea."

Weee! Kumbe fundi wa mapenzi yao ni mimi! Nikakaa sakafuni, nikalia kama niliyefiwa.

Kisha hasira zikapanda. Nikaandika kwa jina la mume wangu:

"Nimekuchoka. Usinitafute tena maishani."

Jibu likaja hapohapo.

"Nimekosa nini?"

Nikacheka, walahi nilicheka. Nikamfungia asiweze kuandika tena. Nikafuta akaunti ya mume wangu pamoja na vijumba vyao vyote. Na nilifuta kifundi, asije akatokea mtu wa kuvirudisha.

Saa kumi kasoro akarudi, kanyoa vizuri, anaharakisha. Akakaa. Akabofya. Akabofya tena...

"Mke wangu, akaunti yangu iko wapi?"

"Muulize Malkia wako!"

Nilisubiri ajitetee. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mwanangu yule."

"Mwanao yupi?"

"Yule uliyeniambia nikimtaja tena humu ndani, unafungasha."

Uwiii!

Mume wangu ana binti wa ndoa ya kwanza. Ana miaka tisa. Mama yake alihama naye bila kuacha namba, na mimi kwa wivu wangu nikashukuru. Ila mtoto hakusahau mchezo aliokuwa akicheza na baba yake. Akaenda kwa jirani yao, akaingia mchezoni kwa kujificha, akamtafuta baba kwa jina la akaunti ile ya zamani. Akampata! Hata mtaa wanaoishi aliogopa kuutaja, mama yake asije akajua. Kwa hiyo walikuwa wanaonana humo tu.

Wakajenga nyumba. Chumba kimoja walikiacha kitupu.

"Alisema hicho ni cha kwako," mume wangu akaniambia, "siku ukimkubali."

Nilitaka ardhi inimeze.

Amefungua akaunti mpya. Jina la zamani limekataa. Ametafuta Malkia, wamekuja maelfu, na hakuna hata mmoja aliye wake. Kila Jumamosi saa kumi anakaa pale. Mchezo haukwami hata kidogo. Hakuna anayeingia.

"Labda kwa jirani yao mtandao unasumbua," ananiambia.

Hajui niliandika nini. Sijaweza kumwambia usoni. Atayasoma hapa, pamoja nanyi.

Dada zangu, ulizeni kwanza. Hata kwa kufoka, ulizeni! Swali moja lingetosha siku ile.

Na kama kuna binti wa miaka tisa anakuja kwako kuomba kompyuta, siku hizi kaacha, kanyamaza tu... nakuomba, mwambie baba yake hajamchoka. Yale maneno hakuyaandika baba yake.

Niliyaandika mimi.