Mkono Mkavu wa Djamila

Yusufu alimkanyaga Djamila mguu katikati ya soko kuu la Kisangani, asubuhi, watu wakisukumana.

"Wee monsieur! Macho iko wapi?"

"Pardon, mama. Iko kwa mikono yako. Inang'aa! Unapaka nini?"

Djamila alicheka. Alivaa kikwembe cha manjano na kilemba cha maringo. Mbele yake kulikuwa na vikopo vya krimu aliyopika mwenyewe kwa mafuta ya mbegu za mchikichi. Famasi moja ilikuwa tayari kuiuza, lakini, akamweleza, ilidai kwanza karatasi ya vipimo kuonyesha kwamba inatia ngozi unyevu.

"Basi umenipata," Yusufu alisema. "Ni kazi yangu kule maabara. Mashine inagusa ngozi tu, inasoma unyevu. Hakuna sindano, hakuna damu. Kuya samedi. Lakini tangu vendredi, Ijumaa asubuhi, usipake kitu!"

Wakapigiana simu kila siku. "Ma chérie, umekula?" "Nitakula sauti yako, bébé!"

Jumamosi Djamila alifika aking'aa. Yusufu alimpaka krimu mkono wa kulia, wa kushoto akauacha. Baada ya saa mbili akapima. Kulia hamsini na nane, kushoto hamsini na saba.

"Djamila, hakuna tofauti. Siwezi kuandika uongo."

"Kumbe ulikuwa unanichezea!" Akabamiza mlango.

Siku tatu Djamila hakupokea simu yake. Siku ya nne akapiga mwenyewe.

"Yusufu, asubuhi ile nilipaka mikono yote mbili."

"Si nilikukataza?"

"Nikuye mbele yako na ngozi yenye kupauka? Niliona haya!"

Mwanamke wa Kisangani afadhali atoke bila viatu kuliko bila mafuta.

Yusufu alicheka hadi akakohoa. "Kuya kesho vile utaamuka, bila kupaka kitu."

Kesho yake Djamila alikatiza mtaa mikono imepauka kama imemwagiwa unga wa muhogo. "Djamila, mafuta imeisha kwenu?" jirani akamtania. Akakaza mwendo.

Yusufu hakucheka. Alimshika kiwiko polepole, akapima, akapaka mkono wa kulia, wakangoja, akapima tena. Kushoto thelathini na moja. Kulia hamsini na sita!

"Krimu imeingia!" Djamila alirukaruka, kilemba kikafunguka. Yusufu akatia sahihi karatasi.

"Sasa nimekuona bila mafuta," alisema, "na nakutaka zaidi. Batonton wangu, wajomba wote, wakuye kuposa kwa papa yako dimanche?"

"Jumapili iko mbali," Djamila akajibu. "Papa iko nyumbani sasa hivi."