Skrini ya Katikati

Kompyuta ilikuwa imefunguliwa ubavu, na ndani yake palikuwa na pengo.

Inspekta alichutama, akamulika tochi. Feni zilikuwapo, waya zilikuwapo, hata vumbi lilikuwapo. Kilichokosekana ni kadi ya picha, kile kidude kizito kinachochora kila kitu mtu anachokiona kwenye skrini. Mezani zilisimama skrini tatu zimepangwa nusu duara, mbele yake usukani wa gemu la magari, na mbele ya usukani viti viwili. Kimoja kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani.

"Nimerudi kutoka kazini saa sita mchana nikakuta hivi," alisema mwenye nyumba. Alikuwa mwokaji mikate, mtu wa mwili, na unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. "Siku nne, Afande! Siku nne tu nimeicheza!"

"Mlango?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Madirisha?"

"Yana nondo, yote."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa mdogo wangu."

Inspekta alinyanyuka taratibu. Magoti yake yalikuwa magoti ya mama wa watoto wanne, na hayakupenda kazi za chini chini. Akaweka mkono juu ya kile kiti cha nailoni.

"Hiki cha nani?"

"Cha mdo..." Mwokaji alikatisha. "Ni kiti tu."

Haya, Inspekta hakuwa mtoto. Mtu hanunui viti viwili kwa ajili ya usukani mmoja ila kama kuna wa kupokezana naye. Akamtuma koplo wake avuke barabara akamwite fundi aliyeifunga ile mitambo.

Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Profesa. Miwani kwenye paji la uso, kalamu tatu mfukoni, na juu ya duka lake kibao kikubwa cha maandishi mekundu: HAPA HATUKOSEI. Aliingia, akatazama ndani ya kompyuta mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kuitoa kadi kama hii kunachukua muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Kwa anayejua, dakika tano. Bisibisi tu."

"Nani anayejua hapa jirani?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Mimi sipendi kusema mambo ya watu."

"Leo utasema."

"Basi... mdogo wake huyu bwana. Kijiti. Aliichukia ile kadi tangu siku ya kwanza. Alinibishia dukani mbele ya wateja. Eti kubwa mno, eti haifai."

"Ni kweli," Mwokaji alisema kwa sauti ndogo. "Alitaka tuchukue ndogo. Mimi nikasema skrini tatu zinataka kadi ya nguvu, Profesa kasema, na Profesa anajua. Akanuna kutwa nzima."

Kabla hawajamaliza kumtaja, Kijiti mwenyewe akatokea mlangoni. Mrefu, mwembamba, madoa ya rangi mpaka kwenye masikio, maana kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Koplo akaupekua mfuko wake wa kazi. Brashi, sandipepa, kitambaa. Na bisibisi.

Koplo akamkabidhi Inspekta.

"Asubuhi ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Matembezini."

"Kazini hukwenda?"

"Sikwenda."

"Matembezi ya wapi?"

Kijiti alimtazama kaka yake, kisha sakafu. "Matembezi tu, Afande."

"Nani alikuona?"

"Sitaki kusema."

Hapo ndipo Mwokaji alipolipuka. "Nimekulea tangu mama alipofariki! Nimekulisha, nimekusomesha, kumbe nafuga nyoka ndani! Basi kuanzia leo mimi sina mdogo. Andika hivyo, Afande. Andika! Sina mdogo!"

Kijiti alinyoosha mikono tu, kama mtu anayepimwa nguo, koplo akamtia pingu.

Inspekta aliyasikia maneno yale, na moyo ukamwambia yametoka vibaya. Angeweza kuwatenganisha, akamweka huyu jikoni na yule uani, akauliza polepole. Lakini alikuwa na mafaili matatu mezani yanamsubiri, na kesi hii ilionekana imejifunga yenyewe. "Twende kituoni," akasema. Mpaka leo akikumbuka maneno yale mawili hujichukia.

Asubuhi yake bisibisi ilikuwa juu ya meza yake ndani ya mfuko wa vielelezo. Inspekta alikuwa akinywa chai, macho yametua pale bila nia. Akaiweka chai chini.

"Koplo, hebu njoo. Hii ncha ikoje?"

"Bapa, Afande."

"Na hii bluu?"

"Rangi. Imeganda. Si anafungulia makopo?"

"Zile skrubu za kompyuta zilikuwaje?"

Koplo akakuna kichwa. "Zilikuwa na msalaba."

"Jamani," Inspekta alisema, akanyakua kofia.

Safari hii alimchukua mtaalamu wa uchunguzi wa maabara, bibi mmoja mkavu asiyecheka hata akilipwa. Bibi akapaka unga wake, akanyanyua alama za vidole, akazisoma kwa lenzi. Za watu watatu: Mwokaji, Kijiti, Profesa. Wote walikuwa na sababu ya kuishika ile kompyuta. Kwenye skrubu hapakuwa na chembe ya bluu.

"Iwashe," Inspekta alimwambia Mwokaji.

"Haina kadi, Afande."

"Wewe iwashe tu."

Mwokaji akabonyeza. Feni zikavuma. Skrini ya kushoto ikabaki nyeusi, ya kulia nyeusi. Ya katikati ikawaka, nyeupe.

"Mh," alisema bibi wa maabara. Akainama nyuma ya mtambo. "Skrini zote tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye kadi. Kadi ikitoka, zote zinakufa. Huyu aliyeitoa ameuchukua waya wa skrini ya katikati, akauchomeka kwenye bodi kuu, ambayo nayo inaweza kutoa picha ndogo ndogo. Gemu halitacheza, lakini barua utasoma."

"Mwizi amemwachia mwenye mali skrini inayowaka?"

"Ndiyo hivyo."

"Mwizi gani huyo mwenye adabu?"

Bibi aliomba picha yoyote ya ndani ya kompyuta, na Mwokaji alikuwa nazo kumi kwenye simu, maana jioni ya siku ile ilipofungwa alizipiga picha taa za rangi za ndani kama mtu aliyepata mtoto. Bibi akalinganisha picha na kilicho mbele yake.

"Kuna kitu kingine hakipo. Kebo hii fupi, ya njano na nyeusi. Kadi kubwa hutaka umeme kwa njia mbili. Pawa saplai yenu, hili boksi linalogawa umeme humu ndani, ni ya zamani, ina njia moja. Fundi akaweka kebo ya kuigawa mara mbili."

"Ina thamani?"

"Takataka. Madukani huwa inatupwa kwenye droo."

Inspekta aliketi kwenye kile kiti cha nailoni, nailoni ikalia chini yake. Mtu kachukua kadi, na akachukua takataka moja. Kadi ya kuuza, sawa. Takataka ya nini? Akamgeukia mwenye nyumba.

"Wakati Profesa anafunga skrini hizi, wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Na mdogo wako?"

"Kazini vilevile."

"Profesa aliingiaje?"

Mwokaji aligeukia mlango. "Ule wa akiba... uko chini ya chungu cha maua. Nilimwelekeza mimi mwenyewe."

"Jana uliniambia funguo mbili!"

"Ule hatuutumii, Afande. Wallahi niliusahau."

Koplo naye alikuwa na lake. Kwenye mfuko wa suruali ya Kijiti kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya simu, na alikuwa amekwisha kuipiga. Akamvuta Inspekta barazani. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho kidogo, kisha akavuka barabara.

Profesa alikuwa peke yake dukani, anapanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Karibu, Afande. Amekiri?"

"Nimekuja kununua. Kebo ya kugawa umeme, ya njano na nyeusi. Unauzaje?"

"Hiyo? Hiyo hata bure nakupa."

"Basi nieleze wewe mwenye elimu. Kwa nini mwizi aibe kitu cha bure?"

Mkono wa Profesa ukasimama juu ya boksi.

"Na kwa nini amwachie mtu skrini ya katikati inawaka?"

Profesa akalisogeza boksi, akalirudisha palepale.

"Mwizi hana huruma na kazi ya fundi, Profesa. Fundi ndiye asiyeweza kuondoka akaacha skrini zote nyeusi. Mkono wako ulifanya wenyewe, au siyo?"

Profesa aliivua miwani, akaikunja, akaikunjua. "Sikuzima zote," alisema. "Nilifikiri angalau apate... sijui nilifikiri nini."

"Kadi iko wapi?"

Akavuta droo ya chini. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye taulo safi, taratibu, na pembeni yake ile kebo. Ncha moja ilikuwa imeyeyuka, plastiki imekuwa nyeusi na kukunjamana. Hata sasa ilinuka.

"Eleza."

"Ile kadi ni kubwa kwa pawa saplai ile. Nilijua inabana, nikasema itabeba. Juzi Kijiti akaja hapa. Akaniambia, 'Profesa, kompyuta inanuka kama plastiki inaungua.' Walikuwepo wateja. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni harufu ya upya, arudi kwenye makopo yake ya rangi. Watu wakacheka naye akaondoka. Nilipobaki peke yangu nikapiga hesabu ya umeme. Afande, kile kitu kingewaka moto. Na wale wanalala chumba cha pili."

"Si ungewaambia?"

"Ningewaambiaje?" Alinyoosha kidole juu, kule kwenye kibao, bila kukitazama. "Miaka kumi na saba. Kijiti alinibishia hapahapa, mbele ya watu, na kumbe alikuwa anasema kweli. Nilitaka niitoe tu. Nilete pawa saplai nzuri, niirudishe kadi mlangoni, iwe muujiza."

"Na kebo?"

"Kebo ingenisema."

"Na Kijiti alipotiwa pingu?"

Profesa alianza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea. "Nilikuwa nimesimama pale, Afande. Neno moja tu. Nilikuwa nalo hapa kooni. Nikasema nikifika nyumbani nitapiga simu. Nikasema asubuhi. Wallahi nilikuwa nasema asubuhi."

"Hukunyamaza tu. Wewe ndiye uliyemtaja."

"Ndimi niliyemtaja."

Koplo akatoa pingu. Profesa akaomba apitishwe mlango wa nyuma. Duka lile halikuwa na mlango wa nyuma, alijua mwenyewe, akapita chini ya kibao chake huku mtaa mzima unatazama.

Kituoni Mwokaji alikuwa amekwisha kufika, mikono imeshika kofia yake nyeupe ya kazi. Inspekta alimkalisha kwenye benchi akamweleza yote bila kupunguza: kadi, kebo, harufu, na nani aliyekuwa amesema kweli tangu mwanzo. Kisha akafika kwenye kikaratasi.

"Ni namba ya mama mmoja anayepangisha chumba. Mdogo wako alikuwa amekipata mwezi uliopita. Aliona unakaribia kuoa, hakutaka kuwa mzigo."

"Mzigo? Nani kasema mzigo?"

"Sikiliza. Jana asubuhi alikwenda kumwambia hahami. Yule mama anasema alikuwa anacheka peke yake. Alimwambia, 'Kaka kaninunulia kiti, nitaondokaje?' Hakutaka ujue kwamba aliwahi hata kufikiria kuondoka. Ndiyo hayo matembezi."

Mwokaji akajifunika kofia usoni. Mabega yake makubwa yakatikisika, na unga ukamwagika kidogo kwenye benchi.

Walimleta Kijiti. Usiku mmoja tu, lakini alikuwa ametoka na uso mwingine, uso wa mtu aliyekata shauri. Akasaini daftari, akapokea mfuko wake, akahesabu brashi zake.

"Nisamehe," Inspekta alimwambia. Hakuwa na mazoea ya neno hilo kazini. "Nilifanya haraka."

"Si wewe uliyesema huna mdogo, Afande."

Mwokaji alikuwa amesimama, funguo za nyumba mkononi. "Mdogo wangu. Twende nyumbani. Yale nilisema kwa hasira, kinywa tu kile, si mimi. Kile kiti sijakigusa. Nailoni utaitoa mwenyewe, nilikuwekea uitoe wewe."

Kijiti alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Inspekta.

"Asante, kaka," alisema. "Kiti kizuri sana."

Kisha akamgeukia Inspekta.

"Afande, koplo ameniambia mlimpigia yule mama. Alisema chumba bado kipo?"

Inspekta alitamani kusema uongo. Miaka ishirini alikuwa ameona watu wakimdanganya ana kwa ana bila kupepesa, na siku aliyouhitaji uongo mmoja, haukuja.

"Kipo," alisema.

"Naomba ile karatasi yangu."

Akampa. Kijiti akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akampa kaka yake mkono kama watu wanavyoagana kazini, akatoka. Mwokaji alibaki katikati ya kituo, zile funguo bado amezinyoosha mbele. Koplo akamsogezea benchi.