Manjano Ukingoni mwa Mto

Mchoraji alilala kifudifudi chini ya picha yake, kisogo kimepondwa. Nyundo aliyokuwa akipigilia turubai ilikuwa kando yake, mpini umefutwa safi.

Inspekta alikwishazoea maiti. Kilichompiga butwaa ni ile picha: ukingo wa mto, matete, anga zito la kijivu. Halafu, katikati ya ukiwa wote ule, bonge la rangi ya manjano, bado mbichi.

"Alama za vidole?"

"Hakuna, afande," koplo alijibu. "Na mlango haukuvunjwa."

Inspekta alisogea karibu. Manjano yalibandikwa kwa kisu, nene, kwa pupa, na yalijaa kwenye vidole vya marehemu. Kijivu kilikuwa kazi ya mkono mwingine: brashi laini, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Aliyepaka vile hakuwa na haraka ya kumaliza huzuni yake.

Mjane alikaa jikoni, macho makavu.

"Pole, mama. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sokoni."

"Nawe unachora?"

"Mchoraji ni yeye. Mimi naosha brashi."

"Hebu nione mikono."

Alisita, kisha akaitoa. Kijivu kilikuwa kimeganda kwenye mashina ya kucha.

"Lile anga ni lako," Inspekta alisema taratibu.

"Picha zote ni zangu. Yeye alitia sahihi tu. Sikujali, mradi aniache nichore."

"Leo kimekuudhi nini?"

"Alisema watu hawataki matanga ukutani. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta ameweka jua."

"Jua tu, mama?"

"Likwangueni."

Koplo alipiga picha kwanza. Kisha Inspekta akakwangua manjano kidogo kidogo. Chini yake, juu ya kijivu kilichokauka, ukatokea mgongo mdogo, kisha shati, kisha kichwa cha mtoto aliyeinamia maji.

Mjane alikuwa amewafuata hadi mlangoni.

"Binti yetu," alisema. "Alizama pale, baba yake akiwa naye. Tangu siku hiyo alinikataza hata kumtaja. Picha zote za mtoto alizichoma. Mwanangu alikuwa amebaki hapo tu. Nikamwambia, umemfunika mwanangu. Hakugeuka hata. Akasema, 'Huyo tulishamzika,' akaendelea kupaka. Nyundo ilikuwa mezani."

Inspekta alitoa pingu, akabaki nazo mkononi kitambo kirefu kabla ya kukumbuka kuzifunga.