Sahani Isiyo na Kitunguu

Birika liligusa sementi, tii, kabla ya adhana. Bibi Fatouma alikuwa anatafuta ndala zake gizani ili atawadhe, akamkuta mjukuu wake Chadia amekaa kwenye mlango wa jikoni, simu mkononi, macho makavu.

— Hujalala, mutoto?

— Bibi, muntu aliyekufa anaweza kuandika mesaji?

Bibi aliacha ndala. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Hakucheka, na hakumwambia aende kulala.

— Anamwandikia nani?

— Husseini.

Ijumaa wazee wa Husseini walikuwa waje kumposa Chadia. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa.

Husseini alitengeneza frigo za mikahawa, kwa hiyo alijua kila mahali panapolika Kalemie. Tangu wapendane alikuwa anamzungusha Chadia mji mzima: samaki wa ziwa, mikebuka ya kuchoma sokoni, sambusa za moto karibu na msikiti, samaki kuhe mzima pale daraja la mto Lukuga, hambaga kwa Odile kando ya bandari. Kabla ya kula alipiga foto sahani zote mbili. Chadia alidhani hayo ni mapenzi.

Jana yake walikuwa kwa Odile. Odile alileta hambaga mbili, akaweka moja mbele ya Chadia.

— Hii ya dada, bila kitunguu. Kama siku zote.

— Kwa nini bila kitunguu? Mimi ninakipenda.

Odile alimtazama Husseini. Husseini alitazama meza.

— Nilizoea kuagiza hivyo tu, alisema.

— Ulizoea na nani?

— Ngoja ninawe mikono.

Alipoondoka, simu yake iliwaka karibu na chupa ya pilipili. Jina lilikuwa Joëlle. Chini yake: "Foto ya leo iko wapi? Ninangoja. Njaa inauma."

Chadia aligeuka.

— Odile! Joëlle ni nani?

— Yesu! Nani amekutajia?

— Nijibu, dada yangu.

Odile alifuta meza iliyokuwa safi.

— Alikuwa muchumba wake. Boti aliyopanda ilizama wakati wa mvua za mwaka jana, akienda mji wa Moba. Hawajamuona hata leo. Ni yeye njo hakupenda kitunguu. Alikuwa anakaa hapo hapo unapokaa.

— Amekufa?

— Amekufa, mama. Tulimlilia.

Simu iliwaka tena. "Husseini? Usinisahau."

Odile aliacha wateja wake wakimwita, akamletea maji, akasimama naye mpaka akanywa, kisha Chadia akaondoka. Husseini aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alipiga simu mara nyingi. Chadia hakupokea.

Bibi Fatouma alisikiliza hayo yote mpaka adhana ikaanza.

— Basi tumwache marehemu, tumuulize aliye hai. Mwite aje hapa. Chai iko.

— Na akidanganya?

— Nitakuwa pale ninachambua mchele. Masikio yangu hayajazeeka.

Husseini alifika na jua, vifungo vya shati vimepishana. Bibi alimpa chai na mikate kwanza. Muntu haulizwi akiwa na tumbo tupu, alisema, akaenda kwenye ungo wake.

— Nani anaandika na simu ya Joëlle? Chadia aliuliza.

Husseini aliweka kikombe chini.

— Mama yake. Mama Martine.

— Mama yake?

— Joëlle aliacha simu kwenye chaji siku ile. Baada ya kilio nilikuwa ninakula peke yangu, ninatuma foto kwenye namba yake. Wazimu tu, Chadia. Siku moja namba ikajibu. Niliitupa simu chini, nikakimbia nje. Kumbe ni mama. Alikuwa hali kitu. Majirani wanamwekea uji, unapoa. Akaniandikia: "Hicho mumekula, na mimi nitakipika." Siku hiyo alikula. Tangu hapo nikituma foto, anakula. Nisipotuma, analala njaa.

— "Mumekula." Wewe na nani?

Husseini alizungusha kikombe. Mchele ukanyamaza kwenye ungo.

— Husseini, ile sahani ya pili ni ya nani?

— Ya Joëlle.

— Kwani mama hajui kwamba mutoto wake alikufa?

— Mchana anajua. Jioni ikifika anaulizia sahani. Hakuna kaburi, Chadia. Hataki hata tutoshe kilio, tumalize matanga. Akiona kitunguu kwenye ile sahani, atajua si ya Joëlle.

— Kwa hiyo miezi hii yote mimi nilikuwa ninakula sahani ya maiti.

— Usiseme hivyo.

— Nisemeje? Umenizungusha Kalemie nzima, na hakuna meza hata moja niliyokaa mimi!

— Ninakupenda wewe.

— Unanipenda, na hujui ninachokula?

Husseini alifunika uso. Alilia bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kulia peke yao. Chadia alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma.

— Leo tunarudi kwa Odile. Utaagiza ninachopenda, utapiga foto, utatuma. Ukishindwa, Ijumaa wazee wako wabaki nyumbani.

— Na mama akiacha kula?

Swali hilo lilimwingia Chadia. Alitazama upande wa Bibi. Bibi hakuinua kichwa.

— Basi tutaenda kumlisha na mikono yetu, Chadia alisema. Lakini si na uongo.

Mchana Odile alikata vitunguu, vingine vibichi, vingine akavikaanga mpaka vikawa vyekundu, akavipanga juu ya nyama kama anampamba bibi harusi.

— Kula, dada. Hii njo yako.

Husseini alipiga foto. Kidole kilisimama juu ya simu muda mrefu, kisha kikashuka. Foto ilikwenda. Ilionekana imesomwa. Hakuna jibu.

Hambaga zilipoa. Husseini alipiga simu, ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena.

— Nimemuua, alisema.

— Ngoja.

— Nimemuua, Chadia, kwa sababu ya kitunguu!

Simu ikalia. Jina la Joëlle lilijaa kioo kizima, na Chadia, ingawa alijua ni nani, alisogeza kiti nyuma. Husseini aliweka sauti kubwa.

— Mama?

Walisikia pumzi. Mbali, kuku alikuwa analia.

— Anaitwa nani, huyu wa kitunguu?

— Chadia, mama.

— Yuko hapo?

— Niko, mama, Chadia alisema.

— Joëlle wangu hakula kitunguu hata siku moja.

— Ninajua, mama. Pole sana.

— Basi amekufa.

Odile alijifunika uso na kitambaa chake cha kichwa.

— Amekufa, Mama Martine alisema tena, polepole, kama muntu anayejaribu kiti ajue kama kitamshika. Mukuje huku. Leo sitaki foto.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya Lukuga, na mlango ulikuwa wazi. Mama Martine alikuwa amekonda mpaka kanga ilimzunguka mara mbili. Alimtazama Chadia, akamgusa shavu.

— Wewe si yeye.

— Hapana, mama.

— Vizuri. Mwenzako huyu amenidanganya muda mrefu, na mimi nilikuwa ninamsaidia kunidanganya. Husseini, usilie kwenye mlango wangu, ingia.

Maji ya bukari, ugali wake, yalikuwa yanachemka, lakini mikono yake haikuwa na nguvu. Chadia alichukua mwiko bila kuombwa.

— Mutoto wa mujini, unajua kusonga?

— Nisingejua, Bibi yangu angenifukuza.

Mama Martine alicheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe, akajishika mdomo.

Alitoa sahani kwenye kabati: tatu, na ya nne. Ile ya nne aliishika kifuani muda, macho kwenye ukuta. Kisha akafunikia nayo sombe, mboga ya majani ya muhogo, isipoe. Wakala. Alikula kidogo kidogo, akaongeza, na hakuna aliyemwangalia sana, asije akaona haya.

— Wazee wako wanakwenda lini kuposa? Mama Martine aliuliza.

Husseini alimtazama Chadia.

— Ijumaa. Waje, Chadia alisema.

— Na mimi Jumapili nitaongea na padri, tutoshe kilio cha mutoto wangu.

Aliwasindikiza mpaka barabarani, akashika mkono wa kila mmoja, na hakutaka kuachia.

— Mutarudi? Mukuje na Bibi yako nimuone. Mukuje siku yoyote, banangu. Hata kama hamuna njaa.